Nani Kasema Kiswahili Hakina Karata?

Imezuka kauli, na kwa kuwa haijapata wa kuikanusha imekwisha kuota ndevu, kwamba lugha yetu haina msamiati wa karata. Kwamba mtu akitaka kueleza mchezo wa poka kwa Kiswahili hana budi kuyaacha maneno ya Kiingereza kama yalivyo, au kuyabandika irabu mwishoni na kuyakaribisha barazani kama wageni waliokwisha kuoga. Kauli hii naisikia kwa wafasiri wenzangu, naisikia kwa wenye kasino, na la ajabu zaidi naisikia hata kwa baadhi ya wapenzi wa ushairi huko Visiwani, watu ambao mtu angetaraji wajue zaidi. Makala haya yanaipinga. Wala sitaipinga kwa upole, kwani upole wetu ndio uliotufikisha hapa.

Tuanze na ushahidi ulio mezani, na hata hiyo meza nayo ni ushahidi. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakakaa pwani yetu kwa kishindo na kwa dhuluma karibu miaka 200, hadi Ngome ya Yesu ilipowatoka mikononi mwaka 1698. Walichokijenga kwa mawe kimebaki magofu. Kilichobaki kizima ni maneno: meza, leso, bendera, gereza, na pamoja na hayo, pakiti nzima ya karata. Kopa, uru, shupaza na pau si maneno ya Kibantu wala ya Kiarabu. Ni copas, ouros, espadas na paus za mabaharia wa Lisbon, yaani vikombe, dhahabu, panga na magongo. Picha zilizochorwa juu ya karata zilikuja kubadilika, zikawa hizi za Kifaransa tunazozijua leo, lakini majina ya zamani hayakubanduka. Ndiyo maana mtu wa Malindi ya Unguja akitazama moyo mwekundu husema kopa, na wala haoni kikombe. Turufu nayo ni trunfo yao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981 inayo shupaza na inayo turufu, na kamusi zilizoitangulia zilikwisha kuyaandika maneno hayo zamani. Basi huyo anayesema hatuna maneno ya karata, ama hajapata kufungua kamusi, ama hajapata kukaa kitako na wazee.

Lakini kilicho kitamu zaidi ni mzungu. Wacheza karata wa pwani waliziita zile karata za picha wazungu: kulikuwa na mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne. Mzungu wa nne ndiye mfalme. Wengi wa kizazi changu tulipokutana na jina hili tulidhani ni mzaha, au ni hesabu ya vyeo. Sivyo. Tazama mchezo wa wahedi wa sitini, ambao jina lake ni la Kiarabu na maana yake ni sitini na moja. Katika michezo ya Kireno ya jamii hiyo, karata ya ree, iliyo ya juu, ina thamani ya 11; saba ina 10; mfalme 4; kijana 3; na malkia 2. Jumlisha: 11 na 10 na 4 na 3 na 2 ni 30. Jamii za karata ni nne, kwa hiyo pointi za meza nzima ni 120. Nusu yake ni 60, na mwenye kufika 61 ameshinda. Hapo jina la mchezo limejieleza, na wazungu nao wamejieleza: mzungu wa nne ni wa nne kwa sababu ana pointi 4, na malkia ni mzungu wa pili kwa sababu ana 2, hata kama mume wake anakaa juu yake na kijana amemkalia katikati. Majina haya yanabeba kanuni za mchezo ndani yake. Mtoto akijua jina la karata amekwisha kujua thamani yake. Niambie, msomaji, ni lugha gani masikini inayoweza kufanya hivyo kwa Kireno, Kiarabu na Kibantu kwa pamoja, na bila kamati?

Na si majina ya karata tu. Tunalo garasa, karata isiyo na thamani, ambalo limetoka mezani likaingia viwanja vya mpira. Leo mshambuliaji aliyenunuliwa kwa fedha nyingi asifunge huitwa garasa na watu wasiopata kushika karata maishani mwao. Tunasema kulamba garasa na kulamba dume. Tunazichanga karata, tunazikata, tunazigawa. Magazeti hayawezi kupitisha uchaguzi bila mtu fulani kutupa karata yake ya turufu. Kilichojaa namna hii hakiwezi kuitwa kitupu.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana najua baadhi yenu mnatabasamu: haya yote ni ya pwani, mtasema, na ninyi wa bara mmeyaharibu. Shutuma hiyo tumeizoea. Mimi naandika kutoka Mwanza, na nakiri kwa furaha kwamba huku ziwani shupaza halina nguvu. Wachezaji wengi husema jembe. Uru huitwa kisu. Pau huitwa ua au maua. Kopa peke yake ndilo lililonusurika. Haya basi, nani ameiharibu lugha? Wa pwani alipokea neno la Mreno akalipigia pasi likamkaa. Wa ziwani ameitazama picha, akaona jembe, akasema jembe. Tena hakuona jembe la dukani. Warongo wa Uzinza, wafua chuma waliosifika kote upande huu wa ziwa, walifua majembe ambayo Wasukuma waliyanunua na kuyatumia hata katika mahari. Jembe lile lilikuwa na bamba pana lenye umbo la moyo, ncha upande mmoja na mkia wa kuchomekea mpini upande mwingine. Lisimamishe ncha juu, mkia chini. Umeiona karata? Sisemi kwamba Warongo ndio waliolipa neno asili yake. Nasema mtu aliyelitoa alikuwa na macho, na lugha yenye macho haihitaji kuombewa msamaha.

Karata huku zina majira yake pia. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haina kazi mbele ya mbalamwezi. Dagaa hutawanyika, na mitumbwi huvutwa mchanga kwa siku kadhaa za mwezi mpevu. Siku hizo, kuanzia Mwaloni pale Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, utasikia karata zikipigwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kigongo nako, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, aliyengojea kivuko alikuwa na muda wa kumaliza michezo mitatu. Hayo ndiyo mabaraza ambamo msamiati wetu ulifuliwa. Na kama bado kuna anayeniambia kwamba visiwa vya ziwa havina la kuwafundisha visiwa vya bahari katika mambo ya lugha, nitamtajia Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akakaa akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Nitamtajia Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani humohumo, ambaye Kichomi chake cha 1974 kiliwatoa jasho wanavina wa pwani. Nitaishia hapo, maana vita vya mizani na vina si vita vya leo.

Vita vya leo ni hivi. Miaka michache iliyopita kampuni moja, ambayo jina lake nalistiri, ilinipa kazi ya kufasiri kijitabu cha maneno ya kawaida ya poka na maana zake, kwa ajili ya wachezaji wasiojua Kiingereza. Nikaifanya kazi kwa moyo. Ilipochapishwa sikuitambua. Mahali nilipoandika kupandisha dau palikuwa pameandikwa kureizi. Kujitoa kulikuwa kufoldi. Yale madau mawili ambayo wachezaji wawili hulazimika kuyaweka kabla karata hazijaonwa, ambayo niliyaita madau ya gizani, dogo na kubwa, yamekuwa kipofu mdogo na kipofu mkubwa, kana kwamba mezani wamekaa ombaomba wawili. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba maneno yangu ni ya kishairi, na kwamba vijana hawayaelewi.

Vijana hawayaelewi! Kijana gani wa Mwanza asiyeelewa dau limepanda? Kila siku anasikia dau limepanda la mchezaji, la kiwanja, la nauli. Ninachokijua ni kwamba kureizi hakumweleweshi chochote asiyekuwa anajua tayari. Na kijitabu kiliandikwa kwa ajili ya asiyejua.

Lakini nisiishie kwenye ladha ya masikio, kwa sababu hapa pana fedha za watu. Yako mambo mawili katika kijitabu kile ambayo kwangu si makosa ya lugha tu. La kwanza: katika poka kuna fungu la karata tano zote za jamii moja, yaani kopa tupu, au uru tupu, na kadhalika. Nililiita fungu la jamii moja. Wao wakaandika rangi moja. Sasa pakiti ina rangi mbili tu: kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pau ni nyeusi. Mvuvi anayesoma rangi moja, akiwa na kopa tatu na uru mbili mkononi, ana haki ya kuamini kwamba amelamba dume. Hakika, kwa macho yake, zote ni nyekundu. Tufanye hesabu, maana hesabu haina mahaba. Kutoka katika karata 52 yanaweza kupatikana mafungu 2,598,960 ya karata tano. Yaliyo ya jamii moja ni 5,148, yaani kiasi cha fungu moja katika kila 505. Yaliyo ya rangi moja kwa maana ya nyekundu tupu au nyeusi tupu ni 131,560, yaani kiasi cha moja katika kila 20. Kwa neno moja lililofasiriwa ovyo, msomaji amefanywa aamini kwamba fungu adimu humjia zaidi ya mara 25 kuliko linavyokuja kweli. Ataweka dau kwa imani hiyo. Naye atakayelichukua dau hilo amesoma kanuni kwa Kiingereza.

La pili ni baya kuliko la kwanza. Katika poka ya kasino mchezaji hashindani na nyumba. Anashindana na wachezaji wenziwe. Nyumba haipati faida kwa kushinda bali kwa kukata sehemu ndogo ya kila kapu linalochezewa. Kapu baada ya kapu, usiku baada ya usiku, sehemu hiyo huondoka mezani na hairudi. Wachezaji wakikaa muda mrefu wa kutosha, walio sawa kwa ujuzi watainuka wote wakiwa wamepungukiwa. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anapaswa kuambiwa kabla ya kuvuta kiti. Mimi nililiita ushuru wa meza. Kila anayeshusha samaki mwaloni anajua ushuru ni nini: umevua usivue sana, mtoza ushuru yupo. Wao wakaandika reki. Reki! Msomaji anajua reki ni chombo cha kukusanyia majani bustani. Atalisoma neno, ataona bustani, atapita. Je, hayo ni bahati mbaya ya ufasiri? Sina njia ya kuingia moyoni mwa mtu. Ila naona kwamba katika maneno yote ya kijitabu kile, lililofichika kuliko yote ndilo lililokuwa na ukweli mchungu kuliko yote.

Na hapa niseme kisa kimoja kidogo ambacho hadi leo hunichekesha. Katika poka ya aina iliyoenea zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha zinafunuliwa mezani tatu kwa mara moja, halafu moja, halafu ya mwisho. Hizo za kwanza niliziita karata tatu. Mwenye kazi akashtuka: jina hili haliwezekani, linaharibu biashara! Kwani nani asiyewajua watu wa karata tatu, wanaoweka ubao wao stendi ya mabasi, karata moja nyekundu na mbili nyeusi, na wenzao watatu wakijifanya abiria wanaoshinda? Nikamwambia mimi nimehesabu karata zilizofunuliwa, nikaona ni tatu. Akaandika flopu. Sikubadilisha rasimu yangu, na sitaibadilisha.

Najua pia kuna wasomaji wa jarida hili watakaoniuliza kwa swali zito zaidi: mtu wa makamo yako, na mwenye kuheshimu dini za watu, unashughulika nini na kuipambia kamari lugha? Si afadhali ibaki na maneno ya kigeni, ili ijulikane kuwa ni ya kigeni? Swali hili nalijibu kwa heshima lakini nalijibu wazi. Aya ya 90 ya Suratul Maida inapokataza, inataja: inaitaja maysiri kwa jina lake, jina la mchezo ambao Waarabu wa wakati ule waliujua, wa kugawana nyama ya ngamia kwa mishale. Katazo lilishuka kwa neno ambalo wasikilizaji walilielewa. Lau lingeshuka kwa neno la Kirumi, nani angeacha? Kamari isiyo na maneno ya Kiswahili haikimbii mji. Inakaa humo humo na kuvaa suti. Kijana akisema nimefoldi, nimekoli, nimereizi, anajiona yuko katika filamu. Akisema nimeweka dau la ada ya mtoto, amejisikia.

Wala si wafasiri wa kasino peke yao wenye kuvaa suti. Sheria yetu ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kubahatisha! Neno kamari lililotujia kutoka kwa Waarabu, likiwa na uzito wake wote wa nyumba zilizouzwa na wake walioachwa, likasogezwa kando, na mahali pake pakakaa kitenzi laini kinachotumiwa hata na mwanafunzi asiyejua jibu la mtihani. Mwanafunzi anabahatisha na hapotezi kitu. Mimi sina ugomvi na kuwepo kwa bodi wala na kazi yake ya kudhibiti. Biashara isiyodhibitiwa ni mbaya zaidi. Ugomvi wangu ni na neno. Tena kwa poka neno lenyewe halifai hata kwa kanuni za mchezo, kwa kuwa mwenye kujua hesabu humla asiyejua kwa uhakika, mwezi kwa mwezi. Anayebahatisha mezani ni mmoja tu, naye ni yule aliyesoma kijitabu cha rangi moja.

Wapenzi wa ushairi, kuna jambo linalotugusa sisi zaidi ya wote. Neno beti. Sisi tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ni nyumba. Tukaliweka katika ubeti na beti, tukajenga humo mishororo yetu, ukwapi na utao. Leo pita barabara yoyote ya Mwanza jioni ya Jumamosi, mwambie kijana unazo beti nne, uone kama atakuuliza vina. Atakuuliza timu. Kubeti kumetoka Kiingereza kukaikuta nyumba yetu wazi, kukaingia. Sitaki mtu anipigie kelele hapa kwamba lugha hukua kwa kukopa. Nimekwisha kusifu Kireno chote kilichomo mfukoni mwangu. Tofauti ni kwamba kopa na shupaza zilikuja mahali palipokuwa tupu. Kubeti kumekuja mahali palipokuwa na kuweka dau, kuwekeana, kucheza kamari na kubashiri, na kumeketi juu ya neno la watu wengine.

Ila hao hao vijana, ambao wenye kijitabu wanadai hawaelewi Kiswahili cha kishairi, wametupa neno moja ambalo ningejivunia kama ningelitunga mimi: mkeka. Karatasi ya ubashiri wa mechi nyingi, mstari chini ya mstari, matokeo yamesukwa pamoja hivi kwamba likikatika moja umekwenda wote, wao wameiita mkeka. Na ukishindwa, mkeka umechanika. Hakuna baraza lililoketi, wala BAKITA iliyoundwa mwaka 1967 haikuombwa idhini. Aliyelitoa neno hili hatumjui. Lakini alijua kwamba mkeka ni miyaa iliyoshikana, na kwamba ukili mmoja ukifumuka haufumuki peke yake. Huo ni ushairi mtupu. Basi mtu aliyekaa kibandani ameweza, na mfasiri aliyelipwa hakuweza? Anayeshindwa hapa ni mvivu, na lugha ndiyo inayobebeshwa lawama.

Ili nisiambiwe kwamba najua kubomoa tu, nitoe nilivyoviweka katika rasimu, na atakayeweza kuvipinga avipinge. Vibonge vya plastiki vinavyochezewa badala ya fedha niliviita kete, kwa sababu ndivyo tunavyoita vya bao na vya dama, na si kosa langu kama wauza unga wamelikodi neno hilo. Kuweka kiasi kile kile alichoweka mwenzio ni kufikia dau. Kusukuma kete zote ulizonazo ni kumwaga zote. Mchezaji aliyebakiwa na kete chache nilimwita mnyonge, na hapo nilijiruhusu furaha, kwa vile dau ni fedha ya mchezo na dau ni chombo cha baharini, na methali ya dau la mnyonge kutokwenda joshi imeikuta poka kama iliyotungiwa. Jozi, jozi mbili na mfuatano hazihitaji maelezo. Fungu la tatu zilizofanana pamoja na jozi, ambalo Waingereza wanalifananisha na nyumba iliyojaa, niliita nyumba, nikiwaza shimo lile la bao ambalo mchezaji hulilinda kuliko yote. Wacheza bao wa Unguja watanielewa, na Wasukuma wenye isolo yao wataniuliza maswali mawili kisha watanielewa. Bao pia limenipa kutakata, mwendo usiokula kitu: zamu yako imefika, hakuna aliyeweka dau, nawe huweki wala hujitoi. Wengine wamependekeza kupita. Kupita ni sawa, lakini anayepita ameondoka, ilhali huyu bado amekaa.

Kuweka dau kubwa juu ya karata mbovu ili mwenzio aogope, ambako ndiko moyo wa poka na ndiko kulikozaa vitabu vyake vyote, ni kupiga mkwara. Neno ni la mtaani, nakubali, na wapo watakaokunja uso kuliona katika kurasa hizi. Kutishia hakutoshi. Anayetishia huenda ana cha kutekeleza. Mwenye kuchimba mkwara hana, naye anajua hana, na anategemea wewe usijue. Neno la adabu lenye maana hiyo lote nimelitafuta hadi usiku sijaliona. Mwenye nalo alilete.

Kuna moja ambalo nimelikataa kabisa ingawa limeanza kuenea, nalo ni uso mkavu kwa maana ya uso wa mcheza poka, uso usioonyesha furaha wala hofu. Mkavu wa uso kwetu ni mtu asiye na haya. Anakudai ambacho ulikwisha kumlipa, akikutazama machoni. Mcheza poka mzuri anaweza kuwa na haya nyingi sana; alichokizuia ni kusomeka. Mimi niliandika uso uliofungwa, kama kitabu kinavyofungwa na kama mlango unavyofungwa.

Limebaki la karata ya tano, ile ya mwisho kufunuliwa, ambayo kwa Kiingereza huitwa mto, kwa jina ambalo wengi hulihusisha na merikebu za Mto Mississippi ambako mchezo huu ulistawi katika karne ya 19. Mto kwetu haufai: huku mito huingia ziwani, Simiyu na Mara na Kagera, na anayesema mto anasema mwanzo wa maji. Niliandika kituo, mshororo wa mwisho wa ubeti, ule ambao ukikosea umeharibu yote yaliyotangulia. Rafiki yangu mmoja, mtunzi wa Pemba, ameniandikia kwamba kituo ni neno la heshima na halistahili kuketishwa kwenye meza ya kamari. Yeye anataka tamati. Nimemjibu kwamba baada ya karata ile mchezo haujatamatika, kwani bado dau moja linawekwa, na watu wengi hufilisika hapo hapo kwenye dau hilo. Hajajibu bado. Barua yake ikija nitamwomba mhariri aichape yote, pamoja na matusi.